Kwa nini Monit inaacha kuwasha huduma yangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninatunza seva ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Dodoma. Ni seva ndogo ya kukodi, Ubuntu 22.04, RAM ya GB 2. Ndani yake kuna Nginx (inayopokea wageni wa wavuti), MariaDB (hifadhidata) na programu yetu ya kupokea marejesho, iliyoandikwa kwa Node.js. Niliweka Monit ili programu ikidondoka iwashwe yenyewe. Inadondoka mara kwa mara mnamo saa nane usiku. Siku nyingine inawashwa vizuri. Siku nyingine naamka nakuta Monit imeandika "Not monitored" na wanachama wanaona 502 (kosa la Nginx ikikosa jibu la programu) tangu usiku. Tena kuna siku Monit inaonyesha kila kitu kiko sawa na bado watu wanalalamika. Nimeongeza idadi ya majaribio lakini haijasaidia. Nifanyeje Monit isikate tamaa? Nimeambatanisha faili la Monit, faili la systemd (mfumo wa Ubuntu unaosimamia huduma), crontab ya root (ratiba ya kazi zinazojiendesha), na programu yenyewe pamoja na script zake.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya jambo la maana kuambatanisha mafaili, kwa sababu jibu limo humo humo. Monit haijakata tamaa yenyewe, imetii agizo. Mstari wa mwisho wa faili lako unasema hivi:

if 5 restarts within 5 cycles then unmonitor

Na juu kabisa umeacha "set daemon 120", yaani Monit inaamka kuangalia kila baada ya sekunde 120. Mizunguko mitano ni dakika kumi. Ikilazimika kuwasha huduma mara tano ndani ya dakika hizo kumi, inaitoa kwenye orodha yake na kunyamaza mpaka wewe mwenyewe uirudishe. Ukibadili tano kuwa hamsini, utakuwa umeongeza barua pepe za usiku tu. Swali la kuuliza ni hili: programu ambayo asubuhi unaiwasha kwa mkono mara moja tu na inakubali, kwa nini usiku inakataa mara tano?

Hapo mafaili yako yanaanza kuzungumza. Faili la systemd, malipo.service, lina Restart=on-failure, na huduma umeiwezesha iwake seva inapowaka. Maana yake programu hii tayari ina msimamizi kabla Monit haijaingia. Faili la Monit nalo halimtambui msimamizi huyo. Linatazama /run/malipo.pid, faili la kuandikia pid, yaani namba ya programu inayoendeshwa, na linapoona hakuna uhai linaendesha /opt/malipo/washa.sh, ambayo inaita node moja kwa moja, inaiacha ikiendelea nyuma kwa amri ya nohup, kisha inaandika namba yake kwenye faili la pid. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tufuate kinachotokea seva inapowashwa upya, hata kama ni kwa sababu ya sasisho la keneli (kiini cha mfumo). Folda ya /run iko kwenye RAM, kwa hiyo inaanza ikiwa tupu. systemd inawasha programu, nayo inakamata poti 3000 na kuanza kazi. Hakuna aliyeandika malipo.pid, kwa kuwa systemd haihitaji faili hilo. Baada ya muda Monit inaamka, haioni faili, inaamini programu imekufa, inaendesha washa.sh. Nakala ya pili inajaribu kukamata poti 3000, inakuta ina mwenyewe, inaandika "Error: listen EADDRINUSE: address already in use" na kufa papo hapo. Sasa faili la pid lipo, lakini namba iliyomo ni ya marehemu. Dakika mbili baadaye Monit inarudia. Inapotimiza tano inajitoa. Muda wote huo wanachama wanalipa bila shida, wala hakuna anayejua kwamba mlinzi wako wa pili ameshaondoka zamu.

Halafu usiku mmoja nakala ya systemd inadondoka kweli. Nayo ina kikomo chake: kama hukuandika chochote, systemd inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuwasha tena, na inaruhusu kuwasha mara 5 ndani ya sekunde 10. Programu yako, kama ulivyoiandika, inajizima kwa kosa ikishindwa kuifikia MariaDB. Basi MariaDB ikiwa chini kwa nusu dakika tu, majaribio yote matano yanateketea ndani ya sekunde chache, na kwenye logi unakuta "Start request repeated too quickly". systemd imeacha. Monit nayo ilishaacha siku ile seva ilipowashwa upya. Hizo ndizo asubuhi zako za 502. Zile siku ambazo "inawashwa vizuri" ni siku ambazo Monit ilikuwa bado kazini, na washa.sh ikapata poti iko wazi na MariaDB imesharudi.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Endesha hizi mbili:

systemctl status malipo
sudo ss -ltnp | grep 3000

Linganisha "Main PID" ya amri ya kwanza na pid inayoonekana kwenye amri ya pili. Zikitofautiana, anayehudumia wanachama si yule ambaye systemd inamjua. Ukitaka kujua ni mtoto wa nani, soma faili la cgroup, linalotaja huduma iliyoizaa, lililo ndani ya /proc kwenye folda ya namba hiyo. Ukikuta limetajwa monit.service, umempata. Nakala ya namna hiyo ina ubaya mwingine. Siku utakapoandika systemctl restart malipo ukidhani umepakia toleo jipya, toleo jipya litagonga poti na kufa, na la zamani litaendelea kupokea pesa za watu.

Sasa saa nane usiku

Hapa kuna mtego ambao huwakamata hata wazoefu. Seva za kukodi kwa kawaida huja zimewekwa saa za UTC. Saa nane usiku ya Dodoma ni 02:00, lakini kwa seva hiyo ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Ukitafuta kwenye logi kati ya 02:00 na 03:00 utaona utulivu mtupu na kuamini hakuna kilichoandikwa. Andika timedatectl uone seva yako inaishi saa zipi. Unaweza kuihamisha kwa sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, ila ukifanya hivyo kumbuka kwamba cron nayo itahama, na uiwashe upya ili isome saa mpya.

Kwenye crontab yako kuna mstari unaoanza na "0 23 * * *". Ndiyo hiyo saa nane. Unaendesha mysqldump (kunakili hifadhidata), kisha, kupitia ripoti.sh, ripoti.js inayosoma marejesho yote ya mwaka na kuyageuza kuwa faili la Excel. Kusoma mwaka mzima kwenye RAM ya GB 2, pembeni ya MariaDB na programu yenyewe, ni mzigo mzito. Tazama kilichoandikwa:

journalctl -k --since yesterday | grep -i "killed process"
journalctl -u malipo -u mariadb --since "$(date -d yesterday +%F) 22:50" --until "$(date -d yesterday +%F) 23:30"

Ukikuta "Out of memory: Killed process", basi keneli iliishiwa RAM ikaamua kuua mtu ili wengine waishi. Inachagua zaidi kwa kuangalia nani amekalia kumbukumbu kubwa wakati huo, si nani aliyesababisha msongamano. Kwa hiyo ripoti.js inaweza kuwa ndiyo iliyojaza nyumba, na anayetolewa nje akawa MariaDB. Ndiyo maana kuhangaika na programu iliyokufa peke yake hakufikishi mbali.

Kama hakuna mstari huo, soma jinsi huduma ilivyokufa. "code=killed, status=9/KILL" maana yake imeuawa kwa nguvu. "code=exited, status=1" ni programu yenyewe iliyotoka kwa kosa, na sababu iko mistari michache juu yake. "status=203/EXEC" ni kwamba systemd haikuweza hata kuendesha faili ulilotaja, mara nyingi kwa kuwa njia imekosewa au node imewekwa kwa nvm (kisakinishi cha Node) ndani ya folda ya mtumiaji mmoja. Monit nayo ina tatizo la jamii hiyo hiyo: inaendesha script zake kwa PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) fupi sana, kwa hiyo kinachokubali ukikiandika mwenyewe kinaweza kukataa mikononi mwake. Taja njia kamili kila mahali. Angalia pia df -h na df -i, kwani diski iliyojaa, au iliyoishiwa inodi (nafasi za kusajili mafaili), huangusha MariaDB bila kujali RAM.

Nikurudie kwenye RAM. Kwanza weka swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2. Haitaongeza kasi, lakini itaipa seva nafasi ya kupumua usiku. Pili, ripoti iendeshwe ikiwa imefungiwa mpaka wake:

systemd-run --scope -p MemoryMax=500M -p MemorySwapMax=0 /opt/malipo/ripoti.sh

Ikivuka hapo itakufa yenyewe, MariaDB itabaki. Na ukweli ni kwamba ripoti hiyo inapaswa kuandikwa upya isome mwezi mmoja mmoja. Ni kazi ya jioni moja, na ndiyo itakayoondoa chanzo.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona likiumiza watu. Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na cron iliyowasha upya huduma kila saa. Programu ilikuwa inavuja kumbukumbu, na kuwashwa kila saa kulificha uvujaji kwa miezi. Mwisho wa mwezi, watu walipojaa, saa moja ikawa ndefu mno, na mfumo ukawa unakufa mara tatu kabla cron haijafika. Tulipoanza kutafuta chanzo hakuna aliyekumbuka ni badiliko gani lililouleta. Kwako wewe, kila mara huduma inapowashwa upya hakikisha imeacha alama unayoisoma. Amri hii inakuambia systemd imewasha mara ngapi na matokeo ya mwisho yalikuwa nini:

systemctl show malipo -p NRestarts -p Result

Ugawaji wa kazi

Ushauri wangu ni huu: kuwasha programu iliyokufa iwe kazi ya systemd peke yake. Iko karibu zaidi. Yenyewe ndiyo iliyomzaa mtoto, kwa hiyo inajua amekufa papo hapo, bila faili la pid na bila kusubiri dakika mbili. Futa washa.sh kabisa, usiiache "kwa dharura", kwa sababu siku ya dharura mtu ataiendesha. Kisha andika sudo systemctl edit malipo na uweke:

[Unit]
Wants=mariadb.service
After=mariadb.service
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=always
RestartSec=20
MemoryMax=700M

Nieleze kila kimoja kidogo. StartLimitIntervalSec=0 inaondoa kile kikomo cha mara tano, na RestartSec=20 inahakikisha kuondoa kikomo hakugeuki kuwa fujo: jaribio moja kila sekunde ishirini, usiku kucha ikibidi, mpaka MariaDB irudi. Hiyo ndiyo "isikate tamaa" uliyoiomba. Angalia iko sehemu ya Unit. Wengi huiweka chini ya Service, systemd inaandika onyo kwenye logi na kuipuuza, nao wanabaki wakishangaa. After inapanga foleni wakati wa kuwaka tu. Haisaidii MariaDB ikifa saa nane. MemoryMax ni makisio yangu kwa seva ya GB 2. Tazama programu yako inakula kiasi gani mchana wenye watu wengi, kisha uongeze nafasi juu yake.

Restart=always nimeichagua badala ya on-failure kwa sababu programu inayopokea marejesho haina sababu ya kutoka yenyewe, hata ikitoka kwa amani. Ukiizima kwa systemctl stop haitawaka, hilo usiogope. Lakini mipangilio hii yote ni ya programu yako tu. Usiipeleke kwenye MariaDB. Hifadhidata inayokataa kuwaka huenda ina mafaili yaliyoharibika, na kuilazimisha kila sekunde ishirini ni kuchezea akiba za watu. Hiyo ikishindwa, ikuamshe wewe.

Monit sasa inabaki na kazi ambayo systemd haiwezi, na ndiyo jibu la malalamiko yako ya tatu. Siku zile ambazo Monit inaonyesha kila kitu sawa huku watu wakiumia, programu ilikuwa hai lakini imeganda. Ulichokuwa unauliza ni "namba hii ipo?", na ilikuwepo. (Namba ya zamani kwenye faili la pid inaweza hata kupewa programu nyingine isiyohusika, na Monit ikaridhika.) Muulize programu yenyewe, na udai jibu:

set daemon 30

check host malipo-jibu with address 127.0.0.1
  if failed port 3000 protocol http request "/afya" with timeout 10 seconds for 3 cycles
    then exec "/usr/bin/systemctl restart malipo" repeat every 5 cycles

Iko wazi kwamba Monit hapa haiwashi chochote yenyewe, inamwomba systemd. Maneno "for 3 cycles" yanazuia programu isiuawe kwa kuchelewa mara moja tu. "Repeat every 5 cycles" ni ya lazima, kwani bila hayo exec huendeshwa mara moja hali inapobadilika, kisha kimya. Baada ya kuhifadhi, endesha sudo monit -t kuhakiki maandishi, halafu sudo monit reload.

Kuhusu hiyo /afya, iandike ijibu haraka bila kugusa hifadhidata. Najua inashawishi kuifanya ikague MariaDB pia. Lakini fikiri: MariaDB ikilala, /afya inashindwa, Monit inawasha upya programu ambayo haina kosa, inashindwa tena, inawasha tena, na wewe unasoma logi iliyojaa vifo visivyo na maana. Kama unataka ukaguzi wa kina, weka anwani ya pili, na Monit ikiona imeshindwa itume taarifa tu, isiguse kitu.

Unapofanya matengenezo, kabla ya systemctl stop andika kwanza sudo monit unmonitor malipo-jibu, la sivyo Monit itaiwasha huku wewe unabadilisha majedwali. Amri hiyo ya unmonitor inahitaji mistari ya "set httpd" iwe imewezeshwa na kufungiwa localhost (seva yenyewe tu); kwenye Ubuntu huja imezimwa.

Jambo moja linalogusa pesa moja kwa moja. systemd inapowasha upya huduma, kwanza inaitumia SIGTERM (ishara ya kuomba itoke), inasubiri sekunde 90 kama hukusema vingine, kisha inaua kwa nguvu. Node isiyoshughulikia SIGTERM inakufa hapo hapo, hata kama iko katikati ya kuandika rejesho la mwanachama. Ongeza kwenye programu yako sehemu inayopokea SIGTERM, inaacha kupokea maombi mapya, inamaliza yaliyo mkononi, ndipo inatoka. Na kila taarifa ya malipo ya simu inayoingia iandikwe kwa namba yake ya muamala ikiwa ya kipekee kwenye jedwali, ili ikitumwa tena baada ya seva kuwaka isihesabiwe mara mbili.

Kisha jaribu, mchana, ukiwa umewaarifu watu. Usijaribu kwa kill ya kawaida chini ya on-failure, kwa kuwa systemd huihesabu SIGTERM kuwa kifo cha amani na haiwashi. Wengi hufanya jaribio hilo na kuamini Restart imeharibika. Tumia:

sudo systemctl kill -s SIGKILL malipo

Baada ya sekunde ishirini inapaswa kuwa imerudi. Kwa kuganda, tuma SIGSTOP (ishara ya kusimamisha) kwa njia hiyo hiyo: programu itabaki hai lakini haijibu, na baada ya dakika mbili hivi Monit inapaswa kuiomba systemd iiwashe upya. systemd ikituma SIGTERM huifuatisha na SIGCONT, ishara inayoiamsha programu iliyogandishwa hivyo, kwa hiyo haipaswi kukwama; ukitaka isisubiri sekunde 90 zote, weka TimeoutStopSec=30. Mwisho washa upya seva nzima, subiri dakika tano, kisha rudia ile ss ya mwanzo. Pid lazima zilingane.

Usiku wa kwanza baada ya mabadiliko haya, niletee ile mistari ya journalctl ya kati ya 22:50 na 23:30, hata kama hakuna kilichodondoka. Nataka kuona ripoti inakula RAM kiasi gani ikiwa imefungiwa.